Gauni la Mgongo Wazi

Gauni la kijivu lilikuwa limetandazwa kitandani kama mgonjwa aliyekwisha kufunikwa shuka. Matroni alisimama mbele yake, taulo kifuani, maji ya kuoga bado yakimchuruzika shingoni. Kola ya gauni ilipanda hadi kidevuni. Mikono ilishuka hadi kwenye vidole. Vifungo vilipangana kifuani kama askari wa gwaride.

"Nani kafa?" alijiuliza kwa sauti.

Meli iliyumba kidogo, na gauni likateleza taratibu likaanguka sakafuni. Hakuliokota.

Alikuwa na miaka sitini na miwili. Alistaafu akiwa matroni wa hospitali kubwa, na jina hilo likamganda. Hata muuza mboga wa mtaani alimwita Matroni. Wanawe wawili ndio waliomlipia safari hii ya meli ya kitalii, wakafuatana naye. "Ni zawadi ya kustaafu, Mama. Ukapumzike," walimwambia. Lakini mama hafundishwi wanawe. Alijua fika kwamba hawakutaka apumzike na kazi. Walitaka apumzike na mtu, akae mbali naye.

Mtu mwenyewe alikuwa mwalimu wa udereva. Matroni alipostaafu aliamua kujifunza kuendesha gari, jambo ambalo marehemu mume wake alikuwa akiliahirisha kila mwaka. Mwalimu aliyepewa alikuwa mgane, aliyefiwa kama yeye, mrefu, mwenye mvi za pembeni na subira isiyo na mwisho. Wanafunzi walimwita Bwana Breki, kwa sababu hilo ndilo neno lililomtoka kuliko mengine yote. "Breki, mama. Breki. Breki!" Matroni aligonga ua wa jirani, akagonga pipa la taka, akafaulu mtihani mara ya tatu. Baada ya kufaulu, masomo yakaendelea. Hapo ndipo wanawe walipoanza kuuliza maswali.

Kadi iliyosukumwa chini ya mlango asubuhi ilisema kwamba chakula cha jioni hiyo kingeliwa kwa mavazi rasmi: wanaume suti na tai, wanawake magauni. Matroni aliinama, akavuta sanduku lake kutoka chini ya kitanda, akaingiza mkono mpaka chini kabisa, penye taulo la kuogelea ambalo hakukusudia kuogelea nalo. Alilikunjua. Ndani yake mlikuwa na gauni la kijani, kijani cha manyoya ya kasuku, jepesi, refu, lenye mikono mifupi na kola ya heshima kabisa kwa mbele. Kwa nyuma halikuwa na kitu, tangu mabegani hadi kiunoni.

"Mgongo tuuzibe kwa lesi?" fundi cherehani alimuuliza siku ile ya kupimwa.

"Uache," alijibu.

Alikuwa amekwisha kulivaa na anajitazama kwenye kioo, akigeuza shingo huku na huku, pale mlango ulipogongwa mara moja na kufunguliwa papo hapo. Alikuwa binti yake. Ndugu wote walimwita Kifungua, kwa kuwa ndiye kifungua mimba. Alikuwa meneja wa madai katika kampuni ya bima, na kila alipoingia chumbani macho yake yalikagua kwanza hasara.

Yalikagua. Yakasimama.

"Mama!"

"Karibu. Nifungie hiki kishikizo cha shingoni, mikono yangu haifiki."

"Mama, mgongo wote uko nje!"

"Nauona."

"Na gauni nililokutandikia?"

"Limeanguka. Nadhani limejionea aibu lenyewe."

Kifungua aliokota lile gauni la kijivu, akalipangusa vumbi ambalo halikuwapo. "Mama, tafadhali. Tumekaa meza moja na watu wazima wenye heshima zao. Yupo jaji mstaafu na mkewe. Sasa wewe uingie mgongo wazi, kwa umri wako? Watasema nini?"

"Umri wangu una nini?"

"Una wajukuu!"

"Wajukuu nimewaacha nyumbani na baba yao. Sikuwabeba mgongoni leo, ndiyo maana uko wazi."

"Sifanyi utani."

"Hata mimi." Matroni aligeuka. Sauti yake haikupanda. Wodini alizoea kunyamazisha watu kwa kushusha sauti. "Mgongo huu, mwanangu, ndio uliokubeba wewe. Ukalia juu yake, ukalala juu yake, ukautapikia. Mgongo huu huu ukambeba na mdogo wako. Umewainua wagonjwa wazito kuliko kabati hilo. Miaka yote hiyo hakuna aliyeuonea aibu. Leo unataka kutoka kwenda kula chakula tu, imekuwa kesi?"

Kifungua akamtazama vizuri zaidi. Aliona hereni. Aliona wanja. Aliona namna mama yake alivyosimama, uzito kwenye mguu mmoja, kama msichana anayesubiri kuitwa.

"Unamvalia nani?" aliuliza polepole.

Matroni angeweza kusema, "Najivalia mwenyewe," na isingekuwa uongo. Lakini alikuwa amechoka kusema nusu.

"Yupo," alisema.

"Nani yupo?"

"Unamjua."

"Yupo wapi?"

"Humu melini. Chumba cha chini kabisa, kile kisicho na dirisha. Nilimwambia jina la meli na tarehe. Nikamwambia, kama unanipenda kwa maneno tu, baki. Hakubaki."

Binti yake aliketi kitandani. Akasimama tena. Akatoka nje, akagonga mlango wa jirani kwa kiganja, na punde akarudi na mdogo wake, tai ikimning'inia shingoni haijafungwa. Kitinda, mwana wa mwisho, alikuwa daktari wa meno. Kazi ilimzoesha vibaya: watu aliozungumza nao kutwa walikuwa wamepanua midomo na hawawezi kumjibu.

"Mama, ni kweli?"

"Ni kweli."

"Yule ni mwalimu wa udereva."

"Na mimi ni dereva. Tutakosaje la kuzungumza?"

"Mama, mimi sijali kazi yake. Hata angekuwa waziri." Kitinda alivuta tai yake, akaitazama kana kwamba hajui ni kitu gani. "Nyumba ile ni ya Baba. Kiti kile ni cha Baba. Siwezi kuja siku moja nikamkuta mtu mwingine amekikalia, ananiambia karibu."

Nje ya dirisha dogo la duara bahari ilikuwa inabadilika rangi. Matroni alimsogelea mwanawe, akaishika ile tai, akaanza kumfungia kama alivyomfungia siku ya mahafali.

"Baba yenu nilimpenda," alisema. "Nilimuuguza mimi, si nesi mwingine. Pumzi yake ya mwisho niliisikia kwenye kiganja hiki. Sina deni naye, na yeye hana deni nami. Lakini sikiliza, mwanangu. Aliyekufa ni yeye. Mimi sikufa."

"Hakuna aliyesema umekufa."

"Mmenitandikia sanda pale kitandani."

Kifungua alicheka bila kutaka, na kicheko kile kikampasua. Machozi yakaja. "Na watoto, Mama? Nani atawachukua shule? Nikichelewa kazini, nani atawapa chakula? Unafikiri mimi naweza? Mwenzangu yuko safarini nusu ya mwezi. Ukiolewa wewe, mimi nitakwenda wapi?"

Alipokwisha kusema alijiziba mdomo. Kitinda alimtazama dada yake. Matroni naye alimtazama, kwa muda mrefu, na moyo wake ukafanya mambo mawili kwa pamoja: ukamwonea huruma, ukakasirika.

"Kumbe," alisema. "Nikadhani ni mgongo."

Akachukua mkoba wake mdogo. "Kishikizo hicho nifungieni, au nitoke hivi hivi kinaning'inia. Njaa inaniuma."

Kitinda ndiye aliyemfungia, vidole vyake vya udaktari vikiwa makini.

* * *

Ukumbi wa chakula ulikuwa na milango miwili ya vioo na zulia lililomeza sauti za viatu. Wanaume walipita na suti nyeusi, wanawake na magauni ya kumetameta. Matroni alitembea kati ya wanawe. Alihisi hewa baridi ikimpitia mgongoni, na alihisi macho. Mzee mmoja aligeuka mpaka mkewe akamvuta mkono.

Bwana Breki alikuwa amesimama pembeni ya mlango, si ndani wala nje. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama, tai nyekundu, suruali nyeusi na viatu vinavyong'aa. Koti hakuwa nalo. Mbele yake msimamizi wa ukumbi, kijana mwenye glavu nyeupe, alikuwa ameinamisha kichwa kwa adabu ya kukataa.

"Samahani sana, mzee. Leo ni lazima koti."

"Nimekuelewa, bwana. Koti lipo. Ila lipo nyumbani kwangu, kwenye kitasa cha mlango. Nililitundika pale nisilisahau."

"Huwa tunaazima wageni makoti, lakini yote yamekwishachukuliwa."

"Basi hakuna ubaya. Mimi nilikuwa nasubiri kumwona mtu tu, halafu nishuke."

Hapo akainua macho, akamwona.

Alisahau alichokuwa anasema. Mkono wake uliokuwa ukirekebisha tai ulibaki pale pale, kooni. Alimtazama Matroni tangu hereni hadi pindo la gauni, na Matroni, ambaye alikuwa amewavua nguo wagonjwa mamia na kuvuliwa haya na kazi, akahisi damu ikimpanda masikioni. Aligeuka kidogo, kama anayetafuta kitu nyuma yake. Hakutafuta kitu. Alitaka aone.

"Matroni," alisema Bwana Breki. Kisha baada ya muda: "Lo."

"Ndiyo hilo tu?"

"Mengine nimeyasahau."

"Shikamoo," alisema Kifungua kwa sauti kavu kama mkate wa juzi.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo, daktari. Nimefurahi kuwaona." Alinyoosha mkono. Kifungua alimpa ncha za vidole. Kitinda alimpa mkono mzima lakini akautoa upesi.

Matroni alimgeukia mwanawe. "Kitinda, una koti la pili. Lile la bluu, nimelitundika mwenyewe kabatini kwako. Mpe mwalimu tukale."

Wanaume wawili walitazamana. Walikuwa wa kimo kimoja na mabega mamoja; hata kipofu angewapapasa akajua wanalingana.

"Halitamtosha," alisema Kitinda.

"Hata hujampima."

"Mama, halitamtosha." Hakumtazama usoni. Alitazama viatu vyake.

Bwana Breki alitabasamu, akapiga hatua nyuma. "Nendeni mkale, jamani. Msigombane kwa ajili ya kitambaa. Mimi njaa yenyewe sina."

"Mwalimu, tangu asubuhi umekula nini?"

"Chai."

"Basi acha uongo. Ulinifundisha mwenyewe kwamba dereva mwenye njaa ni ajali inayotafuta mahali pa kutokea."

Nyuma yao foleni ilikuwa imeanza kujaa. Mke wa jaji mstaafu alikohoa. Kijana wa glavu alijitahidi kutabasamu. Kifungua alimshika mama yake kiwiko na kumnong'oneza, "Mama, ingia ndani. Watu wanatutazama."

"Waache watazame," alisema Matroni, bila kunong'ona. "Ndiyo maana nimevaa."

Akauingiza mkono wake kwenye mkono wa Bwana Breki. "Kuna mahali juu, karibu na bwawa, watu wanajipakulia wenyewe na hawaulizwi makoti. Twende. Nyinyi wanangu, kaleni vizuri. Mnisalimie jaji."

Wakaondoka. Zulia lilimeza sauti za viatu vyao, lakini foleni nzima iliuona ule mgongo ukienda, umenyooka kama mlingoti, mpaka milango ya lifti ikaufunika.

Ndani ya lifti Bwana Breki alisema, "Matroni, wale ni wanao. Usiwaache hivyo kwa ajili yangu."

"Sijawaacha kwa ajili yako. Ningetaka niambiwe cha kuvaa na cha kupenda ningebaki tumboni kwa mama yangu." Alivuta pumzi. "Nishike vizuri. Naogopa kuliko ninavyoonekana."

Alimshika vizuri.

* * *

Juu kulikuwa na taa za manjano, meza za plastiki na upepo. Watu walikuwa wamevaa kaptura na ndala, wengine nywele bado zina maji ya bwawa. Walipotokea wawili wale, mmoja na gauni la kijani, mwingine na tai nyekundu, mazungumzo yalikatika. Mwanamke mnene aliyevaa kanga ya kuogelea aliweka uma chini.

"Jamani! Harusi ya nani?"

"Bado hajanijibu," alisema Bwana Breki, na meza nzima ikaangua kicheko.

Walipakua samaki wa kuchoma, wali, kachumbari na embe, wakapata meza pembeni penye ukingo. Matroni alisubiri mpaka mwalimu alipokwisha kumeza tonge la kwanza.

"Umesema sijakujibu. Umeniuliza lini?"

"Nimekuuliza kwa kila njia isipokuwa kwa mdomo. Nimepanda meli, mimi ninayetapika hata kwenye kivuko."

"Umetapika?"

"Siku mbili."

"Na sikujua!"

"Ningekuambia ungenitibu. Nilitaka unipende kwanza."

Matroni alicheka, akajifuta jicho kwa ncha ya kidole wanja usiharibike. Upepo ulimpiga mgongoni, na Bwana Breki akauinua mkono kutaka kumkinga, akausitisha hewani.

"Naruhusiwa?"

"Mwalimu, leo huna kazi ya breki."

Kiganja chake kilitua katikati ya mgongo wake. Kilikuwa kipana na chenye joto. Miaka mingi mgongo ule ulikuwa umeshikwa na madaktari aliofanya nao kazi, wakiulizia maumivu tu. Alifumba macho.

"Basi nakuuliza kwa mdomo," alisema Bwana Breki. "Mimi si tajiri, na nakoroma. Sitaki kiti cha mtu wala nyumba ya mtu. Nataka kuamka nikukute. Utaolewa nami?"

Matroni alifumbua macho, na mtu wa kwanza kumwona alikuwa binti yake.

Kifungua alikuwa amesimama kwenye ngazi, viatu vyake virefu mkononi, miguu mitupu. Alikuja mpaka mezani. Aliuona ule mkono mgongoni mwa mama yake. Haukuondoka.

"Mdogo wako yuko wapi?" aliuliza Matroni.

"Yuko chini. Ameagiza supu, anaitazama tu." Alivihamishia viatu mkono wa pili. "Nimekuja kukuchukua, Mama."

"Unipeleke wapi?"

"Mezani."

"Mimi niko mezani."

Kifungua alitazama meza ya plastiki, mifupa ya samaki, karatasi za kufutia mikono zilizowekewa glasi juu zisipeperuke. Mdomo wake ulianza kutetemeka kama alipokuwa mdogo, kabla ya kilio kutoka.

"Sijui nitafanyaje," alisema. "Si kwa ajili ya jaji. Sijui tu nitafanyaje bila wewe pale nyumbani."

"Utafanya kama nilivyofanya mimi. Vibaya kwanza, halafu utazoea." Sauti ya Matroni ililegea, lakini uamuzi haukulegea. "Shuleni utawachukua mwenyewe, au utamtafuta mtu umlipe. Mimi nimelea wangu. Wako nitawapenda. Jumamosi uwalete kwetu, wale, walale, wafanye fujo zao."

"Kwetu?"

Uma wa Bwana Breki ulisimama katikati ya sahani na mdomo.

"Kwetu," alirudia Matroni. Hakuwa anamtazama binti yake. Alikuwa anamtazama yule mwanamume, na alimtazama mpaka akahakikisha kwamba amesikia, ameelewa, na hataomba arudiwe.

Bwana Breki aliuweka uma chini taratibu. Macho yake yalijaa, akageukia bahari akisingizia upepo.

Kifungua alikuwa bado amesimama. "Sijakubali, Mama," alisema. "Ujue hilo. Sijakubali."

"Sikukuomba ukubali. Nakuomba ukae."

Yule mwanamke wa kanga aliacha kutafuna ili asikie vizuri. Kisha Kifungua aliviachia viatu vyake vikaanguka sakafuni, akavuta kiti, akaketi, uso amekunja, magoti pamoja, kama mtu aliyekaa kituo cha polisi.

Bwana Breki alinyanyuka bila kuulizwa na kwenda kumpakulia.

"Asinitilie kachumbari," alisema Kifungua, akitazama pembeni. "Mwambie sili kitunguu."

"Mwambie mwenyewe," alisema mama yake. "Anasikia."